Tao Lenye Ncha: Ujenzi Wake na Maana Yake

Atazamaye mdomo wa tanuri la matofali mjini Mpanda huona jinsi matofali ya pande mbili yanavyosogezwa kidogo kidogo hadi yakutane juu. Hilo si tao kamili, kwani tofali hulalia tofali tu. Lakini swali ni lile lile walilokabiliana nalo waashi wa Ulaya katika karne ya 12: uzito ulio juu ya uwazi upitie wapi?

Katika tao, mawe hubanana, na uzito huteremka ukisukuma nguzo chini na kando pia. Mwanafunzi akunje ukanda wa karatasi ngumu uwe tao mezani, aubonyeze juu kwa kidole: miguu itateleza nje. Akiizuia kwa vitabu viwili, tao litastahimili. Kwa upana na mzigo ule ule, kimo kikiongezwa mara mbili, msukumo wa kando hupungua kwa nusu hivi. Tao la nusu duara halina hiari ya kimo. Lenye ncha laweza kuinuliwa. Msukumo uliosalia hupokewa na mategemeo ya mawe yaliyo nje, nao ukuta, ukiisha kupumzishwa kazi ya kubeba dari, waweza kutobolewa madirisha makubwa.

Ndivyo lilivyo kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, lililojengwa upya baada ya moto wa 1194. Dari yake ina kimo cha meta 37 hivi, na nuru huingia kwa vioo vya rangi. Waumini waliiona kuwa ishara ya Mungu. Wajenzi wa Beauvais walipanda hadi meta 48. Mwaka 1284 sehemu ya dari yao iliporomoka.

Tao hili, hata hivyo, halikuzaliwa Ulaya. Limo katika msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, uliokamilika mwaka 879, na katika magofu ya Gedi.

Kwetu mfano mashuhuri ni Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa lililokuwa hapo kufungwa. Matao yana ncha, ingawa dari ni ya mviringo kama pipa lililopasuliwa, ya saruji na matumbawe yaliyopondwa. Ishara kuu hapa si nuru, bali mahali penyewe: kwa mapokeo, madhabahu imesimama palipokuwa na nguzo ya kuwachapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni lapaonyesha. Miongoni mwa waliouzwa Zanzibar walikuwamo watu waliotembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Tanganyika.