SOMO LA AFYA: TEMBEA KILA SIKU, RUDI NA PICHA MOJA



Aliyekulia Bwiza anakumbuka kwamba kutembea hakukuwa mazoezi. Ulikwenda kwa miguu hadi soko kuu la Bujumbura (lile lililoungua Januari 2013), ukarudi na mzigo. Jumamosi na Jumapili vikundi vya vijana vilikimbia barabarani vikiimba, mpaka Machi 2014 mbio hizo zilipopigwa marufuku jijini isipokuwa katika viwanja vilivyotengwa.

Hapa kambini siku nyingi hupita tumekaa. Kukaa sana huchangia presha na kisukari, na mawazo nayo huzidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Kwa nini kamera? Anayetembea kwa sababu ameambiwa na daktari huchoka mapema. Anayetafuta picha ana sababu ya kutoka tena kesho. Simu yenye kamera inatosha. Kama simu ni moja nyumbani, pokezaneni. Piga picha moja tu kwa siku, usije ukasimama kila hatua tano.

Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya joto. Mwanga wa saa hiyo huja kwa upande na kuonyesha mikunjo ya ardhi; saa sita kila kitu huwa bapa. Jua liwe nyuma yako. Ukisimama Bujumbura asubuhi, jua hutokea milima ya Burundi na kuangaza milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Jioni mambo hugeuka. Hapa tafuta mti, njia ya mashamba, mawingu ya mvua.

Jambo la kuzingatia sana ni watu. Usimpige mtu picha bila ruhusa yake, na mtoto bila ruhusa ya mzazi. Wako majirani waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Sura moja mbele ya kibao cha kambi, ikitumwa kwa simu, inaweza kuwafikia watu hao kabla hujamaliza matembezi. Akikubali kupigwa picha, muulize tena kabla ya kuituma. Usipige picha za askari, foleni ya chakula wala wagonjwa zahanati. Usivuke mpaka wa kambi bila kibali. Akina mama na wasichana watembee wawili au zaidi.

Kunywa maji kabla ya kutoka. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo akirudi, kwani kidonda kidogo anaweza asikisikie. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama, keti kivulini, umtume mtu amwite mhudumu wa afya.