Maswali na Majibu: Wazee wa Baraza Kuhoji Mashahidi, kwa Upande wa Mwendesha Mashtaka

Maelekezo. Namba za vifungu ni za Toleo la 2019. "Sheria ya Mwenendo" ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. "Sheria ya Ushahidi" ni Sura ya 6. Mifano imewekwa Murongo, wilaya ya Kyerwa, ambako kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, Masjala ya Bukoba. Watu waliomo katika mifano ni wa kubuni. Alama moja, hoja moja. Maelezo marefu yasiyo na hoja hayaongezi alama.

1. Eleza maana ya wazee wa baraza katika kesi ya jinai. (Alama 3)

Wazee wa baraza ni raia wasio mahakimu wala mawakili, wanaoketi pamoja na Jaji wa Mahakama Kuu kumshauri juu ya ukweli wa mambo katika kesi. Kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo, kabla ya marekebisho ya 2022, kiliagiza kesi zote zinazosikilizwa na Mahakama Kuu ziwe na wazee wa baraza wawili au zaidi. Kila mzee hutoa maoni yake chini ya kifungu cha 298(1), baada ya Jaji kuwafanyia majumuisho ya ushahidi.

2. Tofautisha mzee wa baraza na mwanajuri. (Alama 4)

Mwanajuri huamua. Mzee wa baraza hushauri. Uamuzi wa juri juu ya hatia humfunga Jaji, ilhali maoni ya wazee wa baraza hayamfungi Jaji, kwa mujibu wa kifungu cha 298(2). Mwanajuri hatoi sababu za uamuzi wake. Jaji wa Tanzania hutoa sababu kwa maandishi, na desturi ya mahakama humtaka aeleze kwa nini amepishana na wazee.

Tahadhari. Usimchanganye mzee wa baraza wa Mahakama Kuu na mshauri wa Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, kama ilivyotungwa, ilimpa mshauri wa Mahakama ya Mwanzo kura, na uamuzi ulipatikana kwa wingi wa kura. Mtahiniwa anayewapa wazee wa baraza wa Mahakama Kuu kura hukosa alama zote 4, si mbili tu.

3. Taja kifungu kinachomruhusu mzee wa baraza kumuuliza shahidi, na ueleze masharti yake. (Alama 6)

Ni kifungu cha 177 cha Sheria ya Ushahidi. Masharti ni matatu, kila moja alama 2. Swali lipitie kwa Mahakama au liulizwe kwa idhini ya Mahakama. Liwe swali ambalo Mahakama yenyewe ingeweza kuliuliza. Mahakama ilione kuwa linafaa.

Sharti la pili lina mtego, na watahini wanaupenda. Kifungu cha 176 kinampa Jaji uhuru mpana wa kumuuliza shahidi yeyote jambo lolote, wakati wowote, ili kupata ukweli. Mwanafunzi mwepesi husema basi mzee naye ana uhuru huo huo. Jibu hilo si sahihi. Mahakama ya Rufani imekisoma kifungu cha 177 kwa ufinyu: mzee huuliza ili aelewe, hahoji ili kupinga.

Wakati wa kuuliza. Shahidi hutoa ushahidi mkuu, huulizwa maswali ya dodoso na upande wa pili, kisha huulizwa maswali ya kurejea na upande uliomwita. Mzee wa baraza huuliza baada ya hatua hizo tatu, si katikati yake.

4. Tofautisha swali la ufafanuzi na swali la dodoso. (Alama 8)

Swali la ufafanuzi ni swali linalomtaka shahidi aeleze zaidi jambo alilokwisha kulisema. Swali la dodoso ni swali linalokusudia kumpinga shahidi, kuupima ukweli wake au kuivunja heshima ya ushahidi wake.

Swali la ufafanuzi halina upande. Swali la dodoso lina upande, kwa sababu kudodosa ni haki ya mhusika wa kesi aliye kinyume na shahidi. Swali la ufafanuzi huruhusiwa kwa mzee wa baraza. Swali la dodoso haliruhusiwi kwa mzee wa baraza, hata Jaji akimruhusu kwa kinywa chake.

Mamlaka ya kutaja ni *Mathayo Mwalimu na Masai Rengwa dhidi ya Jamhuri*, Rufaa ya Jinai Na. 147 ya 2008. Mahakama ya Rufani ilisema lengo la dodoso kimsingi ni kupinga, na kupinga si kazi ya mzee wa baraza. Ya pili ni *Mapuji Mtogwashinge dhidi ya Jamhuri*, Rufaa ya Jinai Na. 162 ya 2015: mzee anayedodosa hujiweka upande mmoja, huonyesha upendeleo, na upendeleo haupatani na haki ya kusikilizwa kwa haki iliyo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya 1977. Kesi ya kwanza inaeleza dodoso ni nini, ya pili inaeleza madhara yake kikatiba. Taja zote mbili. Wengi hutaja ya kwanza na kuacha alama 2 mezani.

5. Shahidi wa kwanza wa Jamhuri, mkazi wa Murongo, ameieleza Mahakama kuwa usiku wa tukio alimtambua mshtakiwa ukingoni mwa Mto Kagera, akimburuta marehemu kuelekea kwenye mtumbwi. Baada ya maswali ya kurejea, Jaji anasema: "Wazee wa baraza, dodoseni." Mzee wa pili anauliza: (a) "Ulikuwa umbali gani naye?" (b) "Mwanga uliomwonea ulitoka wapi?" (c) "Mbona polisi hukuwaambia habari ya mtumbwi?" (d) "Si kweli kwamba wewe na mshtakiwa mmegombania fedha za kahawa ya magendo?" (e) "Mimi napajua pale, usiku hapana mtu anayeweza kuonana na mwenzake. Wasemaje?" Mshauri Wakili wa Serikali. (Alama 12)

(a) na (b) ni maswali ya ufafanuzi. Yanagusa vigezo vya utambuzi wa usiku vilivyowekwa katika *Waziri Amani dhidi ya Jamhuri* [1980] TLR 250: muda wa kumtazama, umbali, mwanga, na kama shahidi alimfahamu mtuhumiwa kabla ya tukio. Wakili wa Serikali asiyapinge. Tena ajilaumu kimya kimya, kwa kuwa alipaswa kuyauliza mwenyewe katika ushahidi mkuu.

(c) ni dodoso. Swali hili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu linaanza kwa "mbona" na linasikika kama udadisi wa mtu mzima. Kumbana shahidi kwa kile alichokiacha katika maelezo yake ya polisi ni kumpinga kwa maelezo ya awali, na kazi hiyo ni ya wakili wa utetezi.

(d) ni dodoso la wazi. Linamwekea shahidi kisa cha chuki, yaani nia ya kusema uongo. Hoja ya magendo ya kahawa kwenda Uganda inaweza kuwa kweli au uzushi, lakini kama utetezi unaitaka, utetezi uiulize.

(e) si swali. Ni ushahidi unaotolewa na mtu ambaye hakuapa, kutoka kwenye kiti cha ushauri, bila mtu wa kumdodosa. Mzee huteuliwa ili ujuzi wake wa maisha ya watu umsaidie Jaji kupima ushahidi uliotolewa. Hateuliwi ili aongeze ushahidi wake.

Ushauri. Wakili wa Serikali asimame mara Jaji anapotamka "dodoseni", kabla swali la kwanza halijaulizwa. Maneno yanayotosha: "Mheshimiwa Jaji, kwa heshima, tunaomba wazee waelekezwe kuuliza maswali ya ufafanuzi tu, kupitia kwa Mahakama, chini ya kifungu cha 177." Kisha ahakikishe pingamizi limeandikwa katika mwenendo. Pingamizi lisiloandikwa halikuwahi kutolewa.

Mgawanyo: maswali (a) hadi (e) alama 8, *Waziri Amani* alama 1, ushauri alama 3.

6. "Wakili wa Serikali hana sababu ya kupinga dodoso la mzee wa baraza linaloimarisha kesi ya Jamhuri." Jadili. (Alama 15)

Kauli hii si sahihi. Anza na neno hilo, kisha thibitisha.

Dodoso la mzee huwa tamu kwa mwendesha mashtaka siku linapoulizwa. Mshtakiwa amejitetea kwa kiapo, anasema usiku ule alikuwa Kikagati ng'ambo ya mto. Mzee anamuuliza alilala kwa nani, kwa nini hakumleta mwenyeji wake, na mbona hakusema hayo alipokamatwa. Mshtakiwa anababaika. Wakili wa Serikali ameketi, anaandika, anaona kazi yake imefanywa na mwingine. Jaji anaandika majibu chini ya herufi XXD, ambazo katika mwenendo wa kesi zetu ni alama ya dodoso, na mbele yake anaandika "mzee wa kwanza". Mshtakiwa anatiwa hatiani kwa mauaji chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu ni kunyongwa.

Herufi hizo tatu hukaa katika jalada hadi rufaa. Mahakama ya Rufani ikifungua mwenendo, haimsikii mzee aliyeuliza kwa upole. Inasoma XXD. Mara nyingi hoja hiyo huibuliwa na majaji wa rufaa wenyewe, bila mrufani kuitaja, na mara nyingi Wakili wa Serikali aliyesimama kujibu rufaa amelazimika kukubali kuwa kasoro ipo. Katika *Kulwa Makomelo na wenzake dhidi ya Jamhuri*, Rufaa ya Jinai Na. 15 ya 2014, dodoso la wazee lilikuwa tena hoja mbele ya Mahakama hiyo. Dawa iliyozoeleka ni kutumia mamlaka ya mapitio chini ya kifungu cha 4(2) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141: mwenendo unabatilishwa, hukumu inatenguliwa, adhabu inaondolewa.

Hapo ndipo gharama inamwangukia mwendesha mashtaka, si mzee aliyeuliza. Kesi ikirudi kuanza upya, Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo haupungui kwa sababu miaka imepita. Shahidi wa Murongo aliyekuwa mchimbaji wa bati amehamia machimbo mengine. Mwingine amevuka kwenda kulima Uganda, na hati ya wito ya Bukoba haimfikii. Aliyebaki anakumbuka mtumbwi, hakumbuki mwanga. Mshtakiwa naye amekaa gerezani miaka hiyo yote, na kama hana hatia, dhuluma ni yake kwanza. Wakili wa Serikali ni ofisa wa Mahakama. Kazi yake ni haki, na hukumu isiyosimama kwenye rufaa si haki kwa yeyote, familia ya marehemu ikiwemo.

Hoja ya upande wa pili ipewe nafasi, alama 3. Kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo kinasema kasoro haitengui hukumu mpaka iwe imesababisha haki kukosekana. Kwa hiyo swali moja la dodoso lililoteleza, katika kesi yenye ushahidi mzito, lingeweza kusamehewa. Kwa maoni yangu hoja hii ni nzuri kuliko inavyothaminiwa. Msimamo mkali unafaa pale Jaji alipowakabidhi wazee zamu ya kudodosa kila shahidi, ila ni mkali mno kwa swali moja kati ya mia. Andika hivyo kama una msimamo huo, lakini uthibitishe. Mtahini hatoi alama kwa msimamo mtupu.

7. Taja kesi inayoongoza amri ya kusikiliza kesi upya, na kanuni zake. (Alama 5)

Ni *Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri* [1966] EA 343. Kesi husikilizwa upya pale tu usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa kinyume cha sheria au wenye kasoro. Haisikilizwi upya kwa sababu ushahidi haukutosha. Haisikilizwi upya ili kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kila kesi hutazamwa kwa mazingira yake, na amri hutolewa kama maslahi ya haki yanadai.

Kanuni ya tatu iunganishe na swali la 6. Kama bila majibu ya dodoso la mzee ushahidi wa Jamhuri una pengo, kinachofuata kinaweza kuwa kuachiwa huru.

8. Linganisha kwa ufupi na nchi nyingine mbili. (Alama 4)

Kenya iliondoa wazee wa baraza mwaka 2007. Arizona, Marekani, iliruhusu wanajuri kuuliza mwaka 1995: mwanajuri huandika swali, mawakili hulijadili mbele ya Jaji bila juri kusikia, na Jaji ndiye anayelisoma. Utaratibu huo wa karatasi unakaribia sana neno "kupitia" la kifungu cha 177, na mahakama zetu zingeweza kuutumia bila kubadili sheria.

9. Je, mada hii ina umuhimu wowote baada ya 2022? (Alama 5)

Ndiyo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2022 iliondoa ulazima wa wazee wa baraza Mahakama Kuu, lakini haikukifuta kifungu cha 177. Mahakama inapoketi na wazee, mipaka ya maswali yao ni ile ile. Kesi zilizosikilizwa kabla ya marekebisho hupimwa kwa sheria ya wakati huo zinapofika kwenye rufaa. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya nayo yana wajumbe wanaotoa maoni, chini ya Sura ya 216, ingawa hiyo ni mada ya karatasi nyingine.

Jibu la swali hili lisilotaja marekebisho ya 2022 halizidi nusu ya alama.