Kansa Inasafiri Namna Gani Mwilini?

SOMO LA AFYA KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

Wengi wetu tunamjua mama aliyetolewa uvimbe wa titi, kidonda kikapona, na baadaye akaambiwa kansa iko kwenye mifupa. Majirani husema, "Ni kile kisu kimeitawanya." Mara nyingi sivyo. Kansa ilikuwa imeanza safari kabla ya upasuaji.

1. Safari yenyewe
Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli nzuri ikibanduka mahali pake, hufa. Seli ya kansa yaweza kubanduka, ikaingia kwenye damu na kutafuta makao mapya. Lakini njiani kuna taabu: ndani yake hujaa oksijeni ya aina kali inayoiharibu, kama kutu inavyokula jembe. Nyingi hufa. Chache hubadilisha namna ya kutumia chakula chao na kujitengenezea kinga dhidi ya kutu hiyo. Hizo ndizo hufika mapafuni au kwenye ini.

2. Vidonge vya kuzuia kutu
Kuna vidonge vinavyouzwa kwa jina la antioksidanti, yaani vya kuzuia kutu ya mwili. Je, haviwezi kuisaidia seli ya kansa pia? Mwaka 2015 watafiti wa Dallas, Marekani, waliwapa panya seli za kansa ya ngozi ya binadamu. Panya waliopewa antioksidanti, kansa ilienea zaidi. Panya si mtu, lakini tuwe macho. Huko Finland, uchunguzi wa wanaume 29,133 wavutaji sigara, uliotangazwa 1994, ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya betakarotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

3. Tufanye nini?
- Ukiona uvimbe, hata usiouma, nenda hospitali mapema, kabla seli hazijasafiri.
- Mgonjwa wa kansa amwonyeshe daktari kila kidonge na kila dawa ya chupa anayotumia.
- Usiuze mbuzi kununua vidonge vya mchuuzi. Pesa hiyo ni ya nauli na matibabu.
- Sukuma wiki, maembe na karoti ni chakula. Endeleeni kula.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini watu wetu huchelewa kwenda hospitali?
2. Jumuiya yetu itamsaidiaje mgonjwa kupata nauli?