Umbali kati ya sauti: hesabu inayomfaa kila mwanakwaya

Wanakwaya wengi wa sauti ya pili hukariri wimbo kwa kumsikiliza mwenzao anayeujua. Siku mwenzao asipofika mazoezini, wanapotea. Tiba yake ni kujifunza kupima umbali kati ya sauti moja na nyingine.

Anza na jina la umbali. Imba do, re, mi, fa, so, la, ti, do, kisha hesabu sauti zote, ile ya kuanzia ikiwemo. Do hadi mi ni umbali wa tatu, do hadi so ni wa tano, na do hadi do ya juu ni wa nane, yaani oktavu. Ukianza kuhesabu kwenye re, majina yote yataharibika.

Jina peke yake halitoshi. Do hadi mi ni umbali wa tatu, na re hadi fa ni wa tatu pia, lakini sikio linasikia tofauti. Shika gitaa uhakikishe, kwa kuwa kila freti ni nusu toni: do hadi mi ni freti 4, re hadi fa ni 3. Ya kwanza ni tatu kubwa, ya pili tatu ndogo. Chanzo chake ni kwamba hatua za ngazi hii ya do hadi do hazilingani. Mi hadi fa na ti hadi do ni nusu toni moja tu. Hatua nyingine zote ni nusu toni mbili. Mahali hapo pawili ndipo kwaya nyingi huteleza, na mwalimu mzuri hapaachi mpaka paimbike sawasawa.

Do hadi fa ni nusu toni 5, do hadi so 7, oktavu 12. Fa hadi ti inaitwa ya nne, ila ina nusu toni 6, na ni ngumu kweli kuimba.

Mwalimu akipandisha wimbo, do inahama lakini umbali haubadiliki. Ndiyo faida kubwa ya solfa, yaani mfumo huu wa do, re, mi, alioueneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19.

Kila siku imba do–mi, do–fa, do–so na do–la bila kupitia sauti za katikati, kisha jipime kwa kinanda. Usihamie wimbo mpya kabla hujaziweza hizo nne.