Kikombe Kibovu Kitunze Sindano

Mkulima, usitupe kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Kifanye mahali pa kuchomeka sindano. Sindano ikianguka sakafuni hufagiliwa pamoja na takataka, na huenda ikafika katika majani ya ng'ombe. Ng'ombe hula upesi bila kutafuna sana, basi huimeza. Sindano hukaa katika tumbo la pili, nayo yaweza kutoboa mpaka moyoni, ng'ombe akafa.

Fanya hivi:

1. Osha kikombe, ukikaushe vizuri.
2. Kata kitambaa cha mviringo. Mdomo wa kikombe ukiwa na upana wa sentimita 8, kitambaa kiwe na upana wa sentimita 18.
3. Shona ukingo wote kwa mishono mirefu.
4. Weka katikati sufu ya kondoo iliyo kavu, ambayo haikuoshwa kwa sabuni. Mafuta yake husaidia kuzuia kutu. Shindilia.
5. Vuta uzi, funga fundo. Paka gundi ndani ya kikombe, ukasukume mto huo ndani, fundo likiwa chini.

Kila umalizapo kushona, hesabu sindano. Ikipungua moja, itafute kwanza, ufagio ungoje.