Karatasi za Zamani Katika Chuo

Katika kila chuo kikubwa kuna nyumba ya vitabu, na katika nyumba ile, mara nyingi upande wa nyuma kabisa, kuna chumba ambacho wanafunzi wengi humaliza masomo yao bila kukiingia. Ndani yake vitabu vilivyopigwa chapa ni vichache. Kuna masanduku, na majalada yaliyofungwa kwa utepe, na daftari zilizoliwa pembeni na mende. Humo mna barua ambazo mtu alimwandikia mwenziwe, wala hakudhani kwamba iko siku mtu wa tatu atazisoma. Mna hesabu za duka, nasaba za watemi, ramani zilizochorwa kwa mkono, maneno ya nyimbo, madai ya mashamba, na stakabadhi za kodi. Vitu hivyo vyote kwa jina moja huitwa nyaraka.

Mtu asiyejua akitazama ataona takataka tu, na pengine atauliza kwa nini zisichomwe moto. Lakini waraka una jambo moja ambalo kitabu hakina. Mwenye kutunga kitabu anajua ya kuwa atasomwa na watu wengi, kwa hiyo hujisafisha kwanza, kama mtu aendaye barazani. Mwenye kuandika barua ya kudai ng'ombe wake hana haja ya kujisafisha, anataka ng'ombe. Basi katika barua yake bei ya ng'ombe imo, na jina la mchungaji limo, na njaa ya mwaka ule imo, wala hakukusudia kutufundisha habari hizo.

Katika nchi ya Nyabusozi, kama ilivyokuwa katika Busubi na Bugufi na Uzinza, mambo ya kale hayakuwekwa katika karatasi. Yaliwekwa vichwani mwa watu. Palikuwa na wazee waliojua nasaba ya watawala, huyu kamzaa huyu, na wengine waliojua mipaka ya mashamba kwa miti na mawe. Mzee wa namna hiyo alipokufa bila kumfundisha mtu, habari zilizikwa pamoja naye. Kisha wakaja Wajeremani, wakajenga boma Biharamulo, nalo lingali limesimama. Na tangu hapo mambo ya kodi na kesi na mipaka yakaanza kuandikwa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wakaja Waingereza. Hao walikuwa na desturi ya kuweka kitabu kikubwa katika kila wilaya, na mkuu wa wilaya aliandika humo majina ya watawala wa nchi, na desturi za watu, na habari za mvua na mazao. Akihamishwa, mwenziwe aliendelea pale alipoachia. Vitabu vingi vya namna hiyo vilipigwa picha, na picha hizo zikawekwa katika nyumba za vitabu, ili watu wa mbali nao wapate kusoma.

Asidhani mtu kwamba karatasi hizo zilikuwa jambo dogo. Bugufi zamani ilikuwa chini ya Mwami wa Urundi, lakini baada ya vita ile iliingia upande wa Tanganyika. Mwaka 1948 Mwami Mwambutsa aliuandikia Umoja wa Mataifa akitaka nchi hiyo irudishwe kwake. Hakukupigwa mshale hata mmoja. Ugomvi wote ulikuwa wa maneno yaliyoandikwa, huyu akionyesha hivi, na huyu akijibu vile. Bugufi ilibaki mahali ilipokuwa, na leo imo katika wilaya ya Ngara.

Sasa na tutazame vyuo vyenyewe. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alikufa mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu, na kila mwaka wazee waliojua mashairi hayo walipungua. Mwalimu mmoja wa Mombasa, jina lake Mwalimu Sikujua, alijitahidi kuyakusanya kwa wale waliosalia, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Alikuwapo Mombasa wakati ule padre Mwingereza, W. E. Taylor, apendaye sana Kiswahili, naye akayanakili, akauliza maana ya maneno magumu, na majibu akayaandika pembeni. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, na Taylor mwaka 1927. Karatasi zikafika katika chuo cha London kinachofundisha lugha za Mashariki na za Afrika. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa mashairi katika kitabu kiitwacho Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mtaalamu wa Kiswahili, akatoa kitabu kingine juu ya mshairi huyo. Hesabu basi: miaka mia moja kamili toka kufa kwa Muyaka hata kutoka kwa diwani yake, na katika miaka hiyo yote kilichoyashika mashairi ni kumbukumbu za wazee na bahasha chache za karatasi. Wengi humsifu Taylor, wala si vibaya. Lakini bila ya Mwalimu Sikujua padre angenakili nini?

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Katika nyumba yake ya vitabu kuna makusanyo mawili ambayo kila msomi wa habari zetu huyataja. La kwanza ni la J. W. T. Allen. Bwana huyu alizunguka pwani akitafuta maandishi ya kale ya Kiswahili na ya Kiarabu, tenzi na mengineyo, ambayo watu walikuwa wameyaweka majumbani mwao. Alinasa sauti za watu pia, na orodha ya maandishi na sauti hizo ikapigwa chapa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, mwaka 1970. Orodha huonekana kuwa kitu kikavu, lakini kusanyo lisilo na orodha ni kama ghala lisilo na mlango: mali imo, na hapana awezaye kuitoa.

La pili ni kusanyo la Hans Cory, nalo linawahusu zaidi watu wa magharibi ya Ziwa. Cory alizaliwa Vienna, katika nchi ya Austria, akaja Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Jina lake la kwanza lilikuwa Koritschoner, na kwa jina hilo aliandika habari ya ngoma ya sheitani mwaka 1936. Mwanafunzi atafutaye maandishi yake hana budi kuyajua majina yote mawili, la sivyo atapata nusu tu na kudhani amepata yote. Baadaye serikali ya Waingereza ilimpa kazi ya kuchunguza desturi za watu. Akauliza habari za sheria, na jando na unyago, na ngoma, na uganga, na vyama vya wachezao na nyoka. Akakusanya vinyago vya udongo vya kufundishia wari, hata michoro ya ukutani. Aliandika juu ya Wasukuma, akaandika juu ya Wahaya. Alipofariki mwaka 1962 aliacha karatasi nyingi mno, na hizo ndizo zilizowekwa katika nyumba ya vitabu ya Dar es Salaam kwa jina lake.

Mwaka 1945 Cory na mwenziwe Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za Wahaya. Kabla yake sheria hizo zilikaa barazani. Wazee walizungumza, wakakumbuka kesi ya fulani na kesi ya fulani, wakatazama na mtu aliyesimama mbele yao, kama ni tajiri au maskini, mwenye watoto au tasa, ndipo wakakata shauri. Katika kitabu kila sheria ilipewa nambari yake. Hakimu aliyetoka mbali, asiyejua lugha ya pale, aliweza sasa kufunua ukurasa na kusoma. Faida ilikuwapo: mkubwa mwenye hila hakuweza tena kusema leo hivi na kesho vile. Hasara nayo ilikuwapo. Neno la barazani hugeuka pole pole jinsi watu wanavyogeuka. Neno lililopigwa chapa halina miguu.

Kisha Cory akapewa kazi kubwa zaidi, ya kupatanisha sheria za kimila za makabila mengi ili ziwe moja. Alikufa katikati ya kazi, lakini wengine wakaimaliza, na mwaka 1963 serikali ikatangaza sheria hizo. Katika mlango wa urithi yaliandikwa maneno haya kwa maana yake: mwanamke aweza kurithi, isipokuwa shamba la ukoo, hilo aweza kulitumia maisha yake, lakini hana ruhusa ya kuliuza, maadamu yuko mwanamume wa ukoo ule.

Miaka ishirini na mitano ikapita. Mwaka 1988, katika nchi ya Wahaya, mwanamke mmoja mzee aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Aliuza kwa shilingi 300,000, kwa kuwa alikuwa amezeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mwana wa ndugu yake akaenda mahakamani, akisema uuzaji ule si halali, kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, ikampa haki kijana, ikaamuru shamba lirudi. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Kijana akakata rufani, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Jaji huyo alisoma sheria ile ya 1963, akasoma na Katiba ya nchi, ambayo tangu mwaka 1984 ilikuwa imetiwa haki za binadamu. Mwaka 1990 akahukumu ya kwamba Katiba hairuhusu mtu kubaguliwa kwa kuwa ni mwanamke, basi mwanamke aweza kuuza shamba kama aliuzavyo mwanamume. Rufani ikatupwa.

Mwanafunzi akitaka kujua maneno yale ya urithi yalitoka wapi, safari yake itamrudisha kwenye masanduku. Na hapo asisome kwa haraka. Akiona imeandikwa, "Desturi ya watu hawa ni hii," aulize: ni nani aliyesema? Aliulizwa kwa lugha gani, na mkalimani alikuwa nani? Walioketi barazani wakati ule kutoa habari za sheria walikuwa hasa wanaume wenye umri na wenye mashamba. Hawakuwa waongo kwa hiyo. Lakini mtu akiulizwa habari za nyumba huieleza kutoka kiti anachokalia. Bibi aliyeulizwa jikoni pengine angesema, "Ndiyo, desturi ni hiyo, lakini dada yangu aliuza, na wazee walinyamaza." Neno kama hilo halikuandikwa, kwa kuwa jikoni hakukuulizwa. Kwa hiyo msomaji wa nyaraka hana budi kusikiliza pia kimya kilichomo katikati ya mistari, kazi ambayo ni ngumu kuliko kusoma.

Kazi yenyewe ya chumbani ina taratibu zake. Msomaji hutaja jina lake na kuandikwa. Huacha mfuko wake nje, wala haruhusiwi chakula wala maji mezani. Kalamu ya wino hapewi, huandika kwa kalamu ya risasi, maana tone moja la wino laweza kufuta jina la mtu ambalo halikuandikwa mahali pengine popote duniani. Hupewa sanduku moja kwa wakati, na karatasi huzirudisha kwa mpango ule ule aliozikuta. Barua ikiondolewa mahali pake, jibu lake halionekani tena. Mtunzaji wa chumba naye ana adui zake: mchwa, unyevu, jua, na zaidi ya wote mtu anayetaka nafasi ya kuweka meza mpya.

Hukumu ile ya Mwanza haikumaliza shauri. Wajane wawili wa Shinyanga waliwashtakia wakubwa maneno hayo hayo ya urithi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali ya kuwa yanabagua, lakini ikakataa kuyafuta, ikiogopa kwamba kufuta desturi moja kutafungua mlango wa kufuta desturi zote. Wakaenda mbele zaidi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake ikasema kwamba wajane wale wameonewa, na kwamba serikali yapasa kuyabadili maneno yaliyotangazwa mwaka 1963. Nakala ya uamuzi huo nayo imewekwa, kwa nambari yake na tarehe yake.