Isikilize Tovuti Yako
Kijitabu kwa mafundi wa tovuti na maofisa wanaozisimamia

Mtu asiyeona anapofungua tovuti, programu iitwayo kisoma skrini humsomea kwa sauti yale yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Kisichoandikwa humo hakisikiki, hata kama kwenye kioo kinang'aa. Ndiyo maana tovuti iliyowapendeza wakubwa siku ya uzinduzi huenda bado haijapimwa.

Gharama si kisingizio. NVDA, kisoma skrini cha kompyuta za Windows, hutolewa bure. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akajiunga naye James Teh, wote wawili wasioona. Simu nyingi za Android huja na TalkBack. iPhone zina VoiceOver tangu mwaka 2009.

Anza na kazi moja

Usipime tovuti nzima kwa mkupuo. Chagua jambo ambalo mwananchi hulijia, tuseme kujaza fomu ya maombi. Vaa vipokea sauti, washa NVDA, weka kipanya kando, zima skrini, kisha ujaribu kulimaliza. Skrini ikibaki imewaka, macho yatakuibia majibu bila wewe kujua.

Bonyeza H. Herufi hiyo katika NVDA hukurusha kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, na hivyo ndivyo wazoefu wanavyosoma: hawasikilizi ukurasa wote toka juu hadi chini, wanaruka hadi wanapopataka. Ikiwa H haikupeleki popote, basi vile vichwa vyako ni maandishi tu yaliyonenepeshwa.

Sasa ingia kwenye fomu kwa kitufe cha Tab. Kila kisanduku kitaje jina lake. Ukiambiwa tu kwamba uko kwenye kisanduku kitupu, utajuaje kama ni cha jina au cha namba ya simu? Kosea makusudi, utume fomu. Kosa linaloonyeshwa kwa mstari mwekundu peke yake ni kimya kwa asiyeona. Ataendelea kubonyeza "Tuma" akidhani mtandao umekwama. Na lile fumbo la kuchagua picha za magari ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti, lisipokuwa na njia nyingine, huwa mlango uliofungwa.

Mwisho bonyeza Insert na F7 kwa pamoja upate orodha ya viungo. Kama "bofya hapa" imejirudia mara kumi, jiulize ni hapa gani.

Lugha ya ukurasa

Hapa tukae kidogo, maana kosa hili tunalibeba sana sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa msimbo kuna alama inayoitaja lugha ya ukurasa. Fundi akichukua kiolezo cha Kiingereza, alama hubaki lang="en" ilhali maandishi yote yamegeuzwa. Kisoma skrini kinaiamini alama, hakiyaamini maandishi. Basi "jaza" inaweza kutamkwa "jeiza", na sentensi nzima ikawa kelele.

Tiba yake ni herufi mbili: lang="sw". Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, inayo. Penye aya ya Kiingereza au Kiarabu, itiwe alama yake yenyewe.

Usitegemee programu za kukagua tovuti zikuokoe hapa. Nyingi hutazama kama lugha imetajwa, zikaridhika. Kwamba iliyotajwa siyo, hilo lahitaji sikio. Kadhalika picha: programu itaona kwamba maelezo yapo, lakini "picha ya mkutano" haimwambii msikilizaji chochote.

Kabla ya kutangaza

Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa tovuti ni WCAG, toleo la 2.2 la Oktoba 2023. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti waziwazi.

Ukishasahihisha, mwite mtumiaji asiyeona aliyezoea kifaa chake. Usishangae kasi ya sauti anayoisikiliza. Mgeni huiona kama mlio wa nyuki. Mpe kazi ile ile, usimwelekeze, andika kila anapokwama. Naye umlipe ujira wake, kama unavyomlipa fundi wa tovuti.